Je, Wajua? Maswali ya Njia Panda ya Mbau

Tuanze na okapi, mnyama mwenye ulimi mrefu kiasi cha kujilamba masikio. Je, wajua kwamba ngozi na mafuvu yaliyomtambulisha kwa wataalamu wa London yalitoka Beni ya zamani, kwenye boma lililoitwa Fort Mbeni, bonde la Semuliki?

Kisa chenyewe ni kitamu. Mwaka 1900 Harry Johnston, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza kule Uganda, alikuwa akiwarudisha kwao Wambuti waliotekwa na Mjerumani mmoja aliyetaka kuwapeleka Paris wakatazamwe kwenye maonyesho. Njiani akawauliza habari za “punda wa msituni” aliyetajwa na msafiri Stanley. Wakamweleza vizuri kabisa. Walipofika porini wakamwonyesha nyayo, zenye kwato zilizopasuka katikati. Johnston akakataa! Yeye alitafuta kwato za farasi, akadhani anazungushwa. Akapeleka London vipande vya ngozi tu, na huko mnyama akaandikwa kuwa ni jamaa wa pundamilia. Mwaka uliofuata, 1901, afisa Mswidi wa Fort Mbeni, Karl Eriksson, akamletea ngozi nzima na mafuvu mawili. Ndipo ikaonekana kwamba ni ndugu wa twiga, mwenye kwato zilizopasuka, kama walivyosema Wambuti wenyewe. Jina la kisayansi likawa Okapia johnstoni. Huyo Johnston okapi hai hakumwona.

Na je, wajua kwamba mwaka 2008 kamera zilizotegwa msitu wa Watalinga, ndani ya Hifadhi ya Virunga, zilimnasa okapi kwenye picha? Watalinga ndiko inakoelekea barabara yetu ya Mbau–Kamango, ile tuliyozoea kuisikia kwenye habari za vita tu. Redio inayotuletea habari hizo nayo ina jina lake: Radio Okapi ilianza kutangaza tarehe 25 Februari 2002.

Kakao sasa. Imejaa mashambani mwetu, lakini ni wangapi wamelitazama ua lake? Huchomoza kwenye gome la shina lenyewe, si kwenye ncha za matawi, na kazi ya kulichavusha inafanywa na visubi, vidudu vidogo, jamaa wa vile unavyovipiga makofi jioni. Mbegu mbichi haina ladha ya chokoleti hata kidogo. Ladha huanzia kwenye kuvundikwa, siku tano hadi saba, kabla ya kuanikwa. Anayeharakisha kuanika kwa sababu mnunuzi anamngoja anauza uchungu.

Vanila ina kisa chake. Asili yake ni Mexico, na ua lake hufunguka asubuhi moja tu. Kwa muda mrefu wakulima nje ya Mexico waliona maua bila matunda, hadi mwaka 1841, pale Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, alipoonyesha namna ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Mama anayeshika kijiti shambani Beni leo anafuata mkono wa mtoto yule. Dunia ilitajirika, Albius alikufa maskini mwaka 1880.

Wajua maji ya Semuliki yanafika wapi? Si Kisangani. Mto huu hutoka Ziwa Edward pale Ishango, huingia Ziwa Albert, kisha Nile, hadi Misri. Mto Ituri, ulioko upande wa pili, hushuka kwa Aruwimi na Kongo hadi Atlantiki. Mvua ya mkoa mmoja, bahari mbili.

Hapo hapo Ishango, mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa mdogo wenye miaka kama 20,000, uliochanjwa alama kwa mafungu. Mstari mmoja una 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Mwingine una 11, 21, 19 na 9. Jumla tena 60. Kuna wanaosema ni hesabu za juu, wengine kalenda ya mwezi. Mimi naona mvuvi aliyekuwa akiandika madeni ya samaki, lakini mimi si mtaalamu. Mfupa wenyewe uko Brussels.

Haraka haraka: kilele cha Margherita, juu ya Rwenzori, kina mita 5,109, cha tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na mlima Kenya. Wanande wa Beni na Butembo na Wakonzo wa Kasese ni ndugu, na lugha zao wanasikilizana. Ikweta inapita kusini kidogo tu ya Butembo, na bado watu wa Butembo wanavaa makoti, kwa sababu mji uko juu, zaidi ya mita 1,700.

Je, wajua dawa mbili za Ebola zilithibitishwa hapa? Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaua watu 2,287 kabla ya kutangazwa umekwisha Juni 2020. Mwezi Novemba 2018 jaribio la dawa nne lilianza Beni, likafika Butembo, Katwa na Mangina, kwa wagonjwa 681. Agosti 2019 mbili zilikuwa zimeshinda waziwazi. Moja, mAb114, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Kati ya zile zilizoshindwa imo remdesivir, ambayo baadaye walipewa wagonjwa wa korona.

La mwisho, la wafanyabiashara. Ikiwa saa sita mchana Mpondwe, Uganda, ni saa tano Kasindi, upande wa Kongo, na saa nne Kinshasa. Dereva anayevuka hubadili upande wa barabara, kutoka kushoto kwenda kulia, na kurudisha saa yake nyuma. Kwa hiyo anayetoka Mpondwe anaweza kufika Kasindi kabla hajaondoka, foleni ya forodha ikiwa fupi. Ikiwa fupi.