Fahamu: Nyaraka za Albert Walter na chimbuko la utabiri wa mvua Afrika Mashariki

Utabiri wa mvua za msimu wa Novemba hadi Aprili, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huutoa kwa mikoa kama Ruvuma na ambao mkulima wa mahindi wa Mfaranyaki, Songea, huusubiri kabla ya kununua mbegu, una nasaba inayofika katika kituo cha kutazamia nyota. Albert Walter, Mwingereza aliyehamia Mauritius mwishoni mwa karne ya 19, aliajiriwa na serikali katika Royal Alfred Observatory, ambako Jua lilipigwa picha kila siku ili kuhesabu madoa yake, huku vimbunga vya Bahari ya Hindi vikifuatiliwa kwa kumbukumbu za manahodha. Huko alipima uhusiano kati ya mvua na mavuno ya miwa, akawa pia miongoni mwa wa kwanza kutumia kadi za Hollerith, yaani kadi ngumu zenye matundu yaliyohesabiwa na mashine, katika elimu ya hali ya hewa. Mwaka 1929 akawa mkuu wa idara mpya ya hali ya hewa mjini Nairobi, iliyohudumia pia Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Kumbukumbu alizoandika zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford. Ni hazina, lakini ni sauti ya mkubwa wa ofisi. Makarani waliosoma vipimamvua kila asubuhi katika maboma na misheni hutafutwa zaidi katika madaftari ya mvua, ambayo hurekodi tarehe na kipimo, mara chache jina.