Kidumbak cha Jirani

Wiki iliyopita kijana mmoja alinisimamisha sokoni Darajani akaniuliza, "Kaka, nasikia nyinyi mnapiga kidumbak kila Jumanne usiku. Mnalipwa na nani?" Nilipomjibu kuwa hatulipwi na mtu, alicheka, akaona namficha. Basi leo nimeona bora nieleze, kwa ajili yake na kwa wengine wanaopita mbele ya baraza yetu wakidhani pana harusi, ni jambo gani hasa linalofanyika pale, na kwa nini mwaka jana kidogo livunjike.

Tuanze na jina. Dumbak ni ngoma ya mkono yenye kiuno chembamba, ambayo mpigaji wa taarab huipakata pajani. Kidumbak ni hiyo hiyo, lakini ndogo. Huwa viwili, na ndivyo vinavyoubeba muziki wote. Hapo ongeza fidla moja, sanduku, cherewa, ambazo ni vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu ndani ili vichezeshwe, na mkwasa, yaani vijiti viwili vifupi vya kugonganishwa. Waya wa umeme hauhitajiki. Wazee waliuita pia kitaarab, taarab ndogo, na jina hilo lilikuwa na dharau kidogo ndani yake. Taarab kubwa ilikuwa ya vilabu kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, chenye udi na kanuni, na wasikilizaji waliokaa vitini kwa adabu. Kidumbak kilikuwa cha Ng'ambo na cha shamba, na watu walikicheza mpaka jasho likawatoka. Lakini wengi waliokuja kusifiwa katika taarab walianzia huku chini. Kwa hivyo kidumbak kilikuwa burudani, na papo hapo kilikuwa skuli.

Kikundi chetu kilizaliwa na giza. Mnamo Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi mpaka Machi 2010. Umeme wetu hutoka bara kwa waya unaopita chini ya bahari na kutokea Fumba. Fumba hiyo hiyo, nikumbushe njiani, ndiko alikozaliwa marehemu Siti binti Saad, aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo kwa Kiswahili. Basi jenereta zilinguruma kwa wenye uwezo, na sisi wengine tulikaa barazani. Mtaani kwetu alikuwepo mwalimu mstaafu, sote tukimwita Maalim, aliyekuwa na fidla. Usiku mmoja akaitoa. Fundi baiskeli akaja na sanduku, bibi mmoja mpika maandazi akaanza kuimba, mvuvi akaleta vidumbak vya marehemu baba yake. Mimi nilikwenda na chombo changu cha kunasia sauti, nikitafuta habari ya dakika tatu.

Maalim alinitazama, akasema, "Mwanangu, hicho kiweke chini. Kaa hapa, shika mkwasa."

Nadhani watu wengi wanaotamani kupiga muziki na wenzao hukwama hapa. Hudhani ni lazima kwanza ujue, ndipo ukaribishwe. Kwenye kidumbak unakaribishwa ndipo ujue. Mkwasa una pigo moja, nalo halibadiliki tangu mwanzo hata mwisho. Mtoto anaweza kulijifunza kwa dakika tano. Lakini kulishikilia nusu saa nzima, wakati fidla inakuchombeza na watu wanapiga makofi, si kazi ya mtoto. Mimi nilikuwa nikikimbia. Mwenye mkwasa akikimbia, ngoma humfuata, muimbaji hukosa pumzi, na wimbo hufika mwisho kama daladala iliyokatika breki. Jumanne tatu nzima Maalim aliniambia neno moja tu, "Taratibu." Ya nne hakusema kitu.

Sanduku nalo linastahili kuelezwa, kwa maana wageni huliona wakadhani ni mzaha. Ni sanduku la mbao nyepesi, la aina yaliyokuwa yakija na majani ya chai. Linafudikizwa chini. Katikati ya kitako chake hutobolewa tundu na kupitishwa uzi. Sisi hutumia mshipi mnene wa kuvulia. Ncha ya juu ya uzi hufungwa kwenye fimbo iliyosimamishwa ukingoni mwa sanduku. Ukiivuta fimbo nyuma, uzi unakaza na sauti inapanda. Ukiilegeza, sauti inashuka. Hakuna alama ya kukuonyesha pa kushika. Sikio lako ndilo alama. Fundi baiskeli wetu hufunga vidole kwa kitambaa, maana mshipi unachubua, na akipiga hufumba macho.

Nyimbo hazikatwi. Muimbaji huanza na wimbo wa taarab ambao kila mtu anaujua, akafika kituoni, fidla ikaingia na kipande chake, na humo ndimo anamopata pumzi na kuamua aende wapi. Akirudi, huenda ameshahamia wimbo mwengine kabisa. Hakuna anayetangaza. Ukipotea, nyamaza, kunyamaza si aibu. Subiri kiitikio, rudi nacho. Kanuni yetu nyengine ni ya Maalim pia: kama huisikii fidla, basi mwenye makelele ni wewe.

Kanuni hiyo tuliijaribu siku moja tukaumia. Mpwa wa mvuvi, kijana hodari, alitujia na kinanda chake cha umeme na spika. Sisemi kwa chuki. Taarab ya kisasa, hiyo ya rusha roho iliyotamba tangu miaka ya tisini, naipenda, na harusini kwangu niliicheza. Usiku ule kinanda kilipiga vizuri sana. Kilipiga fidla, kikapiga ngoma, kikapiga na besi. Katikati ya wimbo nikageuka, nikamwona fundi baiskeli ameiweka fimbo yake chini anakunywa kahawa, na hapana aliyegundua kuwa sanduku halilii. Tulimwomba kijana achukue cherewa badala yake. Alikuja mara mbili, hakurudi tena. Hadi leo naona tulimkosea namna ya kumwambia.

Sasa nifike kwenye lile la mwaka jana. Wiki mbili baada ya Idi, Maalim alipigwa na kiharusi. Mkono uliolegea ni wa kushoto, ndio unaobonyeza nyuzi. Hapo tukatazamana. Miaka yote ile tulikuwa tumemfundisha kila aliyekuja mkwasa, cherewa, mpaka sanduku. Fidla hakuna aliyeigusa. Maalim alikuwa akisema fidla haiazimwi, na sisi, kwa kuwa alipiga vizuri na tukimheshimu, tulilinyamazia. Nampenda mzee yule, lakini mlango huo yeye ndiye aliyeufunga, na sisi tukaona ni sawa.

Tulijaribu kuendelea bila fidla. Muimbaji akifika kituoni anakuta pamenyamaza, hana pa kupumulia. Watu wakaanza kutoa udhuru; huyu ana mgeni, yule ana homa. Jumanne moja tulikaa wanne, tukanywa kahawa, tukazungumza bei ya unga, tukaenda zetu.

Nilikwenda kumtazama Maalim. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba kwa shida. Nikakaa. Baada ya kitambo akasema, "Mwanangu, kila mwaka nilikuwa nasema bado. Bado, bado." Kisha akaonyesha kwa mkono mzima chini ya kitanda. Akaniuliza, "Yule mtoto wa Bi Maandazi, anayetugaia kahawa. Umewahi kumsikia?"

Sikuwahi. Mimi, ninayelipwa kwa kusikiliza, sikuwahi. Msichana yule, mwanafunzi wa skuli, alikuwa akigawa vikombe huku ameviimba kwa mdomo uliofumbwa vipande vyote vya fidla, kimoja baada ya kimoja, na Maalim alikuwa akimsikia miaka mingi na kusema bado.

Nikambebea fidla mimi mwenyewe. Mama yake alisita, akauliza masomo itakuwaje, na ni swali la haki. Tukakubaliana Jumanne na Jumamosi tu. Mjini kuna chuo cha muziki kilichofunguliwa mwaka 2002 ambacho hufundisha fidla na kanuni kwa utaratibu, na huenda siku moja akafika huko. Kwa sasa mwalimu wake ni Maalim, mkono wa kushoto ukiwa juu ya mto. Kipande anakiimba kwa sauti iliyokwaruza, binti anakitafuta kwenye nyuzi, mzee anatikisa kichwa, binti anakitafuta tena. Mara nyengine sauti inayotoka ni ya paka aliyebanwa mlangoni, na jirani wamekuwa wastahamilivu.

Anajua nyimbo saba. Basi tunapiga nyimbo saba, tena tunazirefusha. Jumanne iliyopita alipotea baina ya wa tatu na wa nne. Fundi baiskeli akakaa kwenye sauti moja, akaivuta na kuivuta, ngoma zikamngojea, mpaka binti akaona njia na kuingia. Waliokuwa wakipita nje hawakujua kitu.

Yule kijana wa Darajani nimemwambia aje Jumanne baada ya Isha. Mkwasa uko wazi. Mimi nimehamia sanduku, na vidole vyangu viwili tayari vina malengelenge.