Kiduha, Gugu Linaloota kwa Harufu ya Mtama

Mtama, ambao kwa Kiarabu cha Juba huitwa dura, na ambao unga wake ndio unaosongewa asida katika nyumba nyingi za Gurei, magharibi mwa jiji la Juba, una adui anayeweza kukaa ardhini miaka mingi bila kuonekana. Adui huyo ni kiduha, gugu ambalo wakulima wa Sudan huliita buda na wataalamu huliita Striga hermonthica. Ni mmea kimelea, yaani mmea unaojishikiza kwenye mmea mwingine, uitwao mwenyeji, na kuufyonza maji na chakula.

Mbegu ya kiduha, yenye urefu wa takriban theluthi moja ya milimita, ikiwekwa kiganjani huonekana kama vumbi la kahawia. Kiinitete, yaani mmea mchanga uliolala ndani yake, kina akiba ndogo mno ya chakula, kiasi kwamba kikiota mbali na mwenyeji hufa baada ya siku chache. Kwa hiyo mvua peke yake haikiamshi. Mbegu hulowana kwanza katika udongo wenye joto kwa wiki moja au mbili, kisha husubiri strigolaktoni, kemikali ambayo mizizi ya mtama huitoa, hasa penye upungufu wa fosforasi, ili kuwaita kuvu wanaousaidia kupata madini hayo. Wito uliokusudiwa rafiki humfikia mwizi, na ndiyo sababu mashamba yaliyochoka huumia zaidi.

Mzizi mchanga wa kiduha ukishaufikia wa mtama, ncha yake huacha kurefuka, huvimba na kuota vinyweleo vinavyonata. Uvimbe huo ni hostoria, kiungo cha kufyonzea, ambacho seli zake hupenya katikati ya seli za mwenyeji hadi kwenye mirija inayopandisha maji, zikaungana nayo. Hapo ndipo chipukizi hutoka kwenye ganda la mbegu, likiwa jeupe, na kuishi gizani kwa wiki kadhaa kwa jasho la mtama peke yake. Linapotokeza juu na kugeuka kijani, mtama umekwisha kudumaa.

Kiduha basi hushindwa kwa urahisi zaidi kikiwa bado mbegu. Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia aliyewahi kufanya kazi Sudan, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa mtama unaostahimili gugu hili. Na nchini Kenya, kituo cha utafiti cha icipe kimeonyesha kwamba desmodiamu, jamii ya kunde, ikipandwa kati ya mistari ya nafaka huziotesha mbegu hizo bila kuziacha zijishikize, zikafa. Mkulima asiye na njia hizo na aking'oe kiduha kabla maua yake ya rangi ya waridi hayajazaa mbegu: kung'oa shina moja hakuokoi mtama wa msimu huo, lakini huinusuru ardhi na makumi ya maelfu ya mbegu zinazoweza kuishi humo zaidi ya miaka 10.