Duka Lililo Ndani ya Simu

Zamani, mtu wa Chang'ombe aliyetaka kiti alikwenda kwa mafundi wa Keko. Alikikalia kiti, akapapasa mbao, akauliza bei, akapunguziwa, ndipo akalipa. Siku hizi mtu huyo anaweza kukiona kiti kwenye simu akiwa nyumbani kwake. Anaandika ujumbe, anatuma fedha, kisha kiti kinaletwa mlangoni. Hii ndiyo biashara ya mtandaoni.

Chang'ombe ni kata ya Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Pana viwanda, maduka, karakana na vyuo. Huenda unajiuliza, "Mambo ya Chang'ombe yananihusu nini mimi mkulima?" Yanakuhusu sana. Tangazo linalosomwa Chang'ombe linasomwa pia kijijini kwako. Bomba la kupulizia dawa, pampu ya maji na paneli ya umeme wa jua, vyote vinatangazwa kwenye simu. Fedha ya mavuno yako inaweza kuondoka kwa kubonyeza mara moja tu.

Biashara hii ilivyokua

Marekani, kampuni ya Amazon ilianza kuuza vitabu kwa mtandao mwaka 1995. Kwetu njia ilifunguka zaidi baada ya mwaka 2008, huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania. Tangu hapo mtu aliweza kulipa mbali bila kupanda basi. Kisha zikaja simu za kuonyesha picha. Wenye maduka wakaanza kutangaza bidhaa zao kwa Instagram na WhatsApp.

Lakini duka la kawaida halijafa. Kampuni ya Jumia iliendesha duka kubwa la mtandaoni hapa nchini, ikafunga shughuli zake za Tanzania mwezi Novemba 2019. Hata Marekani kwenyewe, mwaka 2024, katika kila dola 100 za biashara ya rejareja ni kama dola 16 tu zilizopitia mtandaoni. Zilizobaki zilipita kwenye maduka ya kawaida na njia nyingine. Kumbe watu bado wanapenda kuona na kushika.

Piga hesabu kwanza

Tuchukue mfano. Tuseme bomba la kupulizia dawa linauzwa mtandaoni kwa shilingi 45,000. Kulisafirisha kwa basi ni shilingi 6,000. Bodaboda kutoka stendi hadi kijijini ni shilingi 5,000. Ada ya kutuma fedha ni shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 57,000.

Sasa tuseme duka la mjini kwenu linaliuza bomba kama hilo kwa shilingi 52,000. Nauli yako ya kwenda na kurudi ni shilingi 6,000. Jumla ni shilingi 58,000.

Umeona? Bei ya mtandaoni ilionekana ndogo kwa shilingi 7,000. Baada ya hesabu, tofauti ni shilingi 1,000 tu. Tena dukani utatia maji ndani ya bomba na kuona kama linavuja. La mtandaoni likifika limepasuka, kulirudisha kutakugharimu shilingi 11,000 nyingine. Na wadudu shambani hawangoji.

Hatusemi kwamba biashara ya mtandaoni ni mbaya. Inakusaidia kujua bei kabla ya kwenda dukani, hivyo mwenye duka hawezi kukulangua. Inakuletea kifaa ambacho hakipatikani wilayani kwenu. Inakuokolea siku ya kazi. Ubaya ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mambo ya kufanya

1. Uliza duka liko wapi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe, aseme anapatikana wapi, na aeleze bidhaa na bei yake. Akikataa, achana naye.

2. Kama una ndugu Dar es Salaam, mwombe aende akaone. Akisema, "Nimefika Chang'ombe, duka lipo, na bomba nimelijaribu," basi hapo unaweza kulipa.

3. Omba kulipa baada ya kupokea. Kama haiwezekani, anza na kitu cha bei ndogo.

4. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Je, ndilo jina la muuzaji au la duka lake? Kama silo, simama hapo hapo.

5. Dai risiti, na usifute ujumbe wa malipo. Huo ndio ushahidi wako.

6. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu.

7. Mbegu na dawa za mimea nunua kwa wakala anayejulikana. Kwenye pakiti ya mbegu tafuta lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu. Picha haikuonyeshi kama mbegu itaota.

Wako matapeli wanaotuma ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Wanategemea kwamba kuna mtu unayemdaiwa. Ukiupata ujumbe kama huo, usitume kitu. Upeleke ujumbe huo kwenye namba 15040, iliyowekwa kwa ajili ya kuwaripoti matapeli wa simu. Kama umekwisha kutapeliwa, nenda kituo cha polisi haraka pamoja na simu yako.

Ndugu msomaji, kujua kusoma ni silaha. Asiyesoma huoneshwa picha tu. Wewe unaweza kusoma bei, jina la anayelipwa na masharti ya muuzaji. Basi soma yote, piga hesabu, uliza, ndipo ulipe. Na jirani yako asiyejua kusoma akikuletea simu yake akisema anataka kununua kitu, kaa naye msome pamoja kabla hajabonyeza.