Je, Wajua? Dar hadi Unguja kwa Ndege

Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi Uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kilomita 73 tu za angani. Abiria wa basi la Chalinze anakwenda mbali zaidi.

Je, wajua kwamba umbali huo unapatikana kwa kutoa tu? Viwanja hivi viwili vinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Dar iko nyuzi 6 na dakika 53 kusini mwa Ikweta. Unguja nyuzi 6 na dakika 13. Toa, unabaki na kama dakika 40, na kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Zidisha mwenyewe.

Je, wajua kwamba uwanja wa Unguja uko karibu zaidi na wa Dar kuliko ule wa Pemba? Unguja hadi Pemba ni kama kilomita 125.

Cessna Caravan hukata kama kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo kwa hesabu ya darasani safari ni dakika 15. Ratiba husema 20 au zaidi, kwa sababu ndege lazima ipande, ishuke, izunguke na kusubiri zamu yake. ATR 72 ina mbio zaidi, lakini hapa haiokoi muda mwingi: haijakaa sawa juu, imeshaanza kushuka.

Upepo nao una vituko vyake. Wakati wa kusi, ndege iendayo Unguja husukumwa kwa nyuma. Upepo wa kilomita 30 kwa saa unaipunguzia Caravan dakika moja na ushei. Raha hiyo haidumu. Ndege hutua ikiukabili upepo, na njia ya kurukia ya Unguja imelazwa kaskazini-kusini. Kwa hiyo rubani hulazimika kuupita uwanja, ageuze, kisha aje kutua akitokea kaskazini. Dakika aliyopewa na kusi, kusi huyo huyo anamnyang'anya. Kaskazi humchelewesha njiani, lakini humruhusu kuingia moja kwa moja.

Kwenye Caravan, mizigo hupimwa, na mara nyingine hata abiria wenyewe, ili uzito ukae sawa. Mmoja huweza kupewa kiti kando ya rubani. Huko atauona usukani wa pili ukisogea wenyewe mbele ya magoti yake, naye ameshaambiwa asiguse kitu.

Boti iendayo kasi huchukua kama saa mbili, lakini huondokea katikati ya jiji na kufikia Mji Mkongwe penyewe. Ukijumlisha foleni ya Barabara ya Nyerere na muda wa kuripoti uwanjani, mwenye tiketi ya ndege asimcheke wa boti.

Safari ya ratiba iliyo fupi kuliko zote duniani iko Scotland, kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray: kilomita 2.7. Rekodi yake ni sekunde 53.

Na Kinshasa na Brazzaville? Miji mikuu miwili hii inatazamana ng'ambo ya Mto Kongo, na viwanja vyake viko kama kilomita 26 tu. Daraja hakuna. Pasipoti lazima.