Pindo Moja, Fundi Mmoja

Cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka la leso, Biashara Street. Mteja akishalipia jozi yake ndani, huniletea mimi nizikate na kuzipinda. Kazi hii yataka macho. Kwa hiyo mwaka juzi nilipoanza kuona ukungu, na kwenda haja ndogo kila mara, nilishtuka.

Mimi naishi na virusi vya Ukimwi tangu 2007. Mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imeanza kutoa ARV bila malipo katika hospitali zake, na dawa hizo ndizo zilizoniokoa. Lakini kliniki niliyoanzia ilikuwa na benchi letu la peke yetu. Ukikaa pale, mtaa wote umeshajua. Tena walitibu virusi tu. Ukisema kichwa chauma, waambiwa nenda kwingine.

Sasa natibiwa na daktari wa familia. Huyu, baada ya kuhitimu udaktari, amerudi darasani kusomea kumhudumia mtu na nyumba yake: mtoto, mja mzito, mzee, presha, virusi. Hapa Kenya mafunzo hayo yalianza Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 2005. Kwake tunangoja sote pamoja, mwenye mafua na mwenye virusi.

Alinipima, akakuta sukari iko juu. Kabla ya kuandika dawa alifungua faili langu. Kidonge changu cha virusi kina dolutegravir, nayo huifanya metformin, dawa ya sukari, ijae zaidi mwilini. Kwa hiyo hakunipa zaidi ya miligramu 1,000 kwa siku. Akaniuliza, "Fundi, jozi moja ya leso ikipindwa na mafundi wawili wasioonana, pindo zitalingana?"

Nikamwelewa. Virusi vyangu havionekani tena kwenye kipimo, na anayefika hapo na kuendelea kumeza dawa zake hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mke wangu hana virusi. Kilichobaki ni kuzeeka vizuri, na uzee una presha na sukari zake.

Ndugu msomaji, daktari yeyote akuonaye mtajie kila dawa unayomeza, hata ile unayoionea haya. Nazo kaunti zetu ziwaajiri madaktari wa familia katika zahanati za mitaani, kwa kuwa mgonjwa ni mmoja, hata akiwa na maradhi matatu.