KISICHOTUMIKA NA KISICHOTUMIWA: MAANA YA ONYO LA KIKAGUZI CHA PROGRAMU

Katika miaka ya 1970, Stephen C. Johnson wa maabara ya Bell, Marekani, alitunga programu iitwayo lint, yenye kazi ya kukagua programu nyingine na kuonya penye shaka. Vikaguzi vya namna hiyo, kama Verilator, leo hukagua pia maandishi ya SystemVerilog, lugha ya kuelezea na kuhakiki saketi. Moja la maonyo yake ni kwamba kigeu fulani kimetajwa lakini hakina matumizi. Swali ni jinsi ya kulieleza onyo hilo kwa Kiswahili.

Mara nyingi husemwa "kigeu kisichotumika". Tafsiri hiyo ina utata. Kauli ya kutendeka huonyesha hali, na pia uwezekano. Isemwapo kwamba barabara itokayo Lokichar kwenda Lodwar na Kakuma haipitiki wakati wa mafuriko, maana yake si kwamba hapana aliyepita, bali kwamba haiwezekani kupita. Vivyo hivyo, "kisichotumika" huweza kufahamika kuwa kitu kisichofaa, na mwanafunzi akakifuta.

Kukifuta kwaweza kuleta hasara. Chukuliwe mfano wa saketi ya kuongoza pampu ya kisima huko Lokichar. Programu ya kuihakiki ina vigeu viwili: *tarajio*, yaani kimo cha maji kinachotazamiwa, na *jibu*, yaani kimo kilichotolewa na saketi. Mtungaji ametia thamani katika vyote viwili, lakini amesahau sentensi ya kuvilinganisha. Jaribio litafika mwisho bila ya kuripoti kosa lolote, hata kama saketi ni mbovu, kwa kuwa hapana kilichopimwa. Onyo ndilo shahidi wa upungufu huo. Vigeu vikifutwa, shahidi naye hutoweka.

"Kisichotumiwa" ni bora zaidi, maana kauli ya kutendwa humkumbusha msomaji kuwa yuko mtendaji aliyeacha kutenda. Lakini lililo wazi kabisa ni "kisichosomwa": thamani iliandikwa, ila haikusomwa. Neno hilo hukitenga kigeu hicho na "kisichopewa thamani", ambacho Verilator hukitolea onyo lake mbali.

Yako pia mapengo ya makusudi. Kwa haya, Verilator hunyamaza iwapo jina la kigeu lina neno *unused*. Hapo mtungaji ametamka nia yake. Kwingineko kote, hapana budi sababu itafutwe kabla ya kufuta.